DAWA ISIYO DAWA: Istilahi za Afya Kazini kwa Wanagenzi wa Ususi

Mwanzoni mwa mwaka huu tuliletewa ofisini tafsiri ya kijitabu cha usalama kazini ili tuipitie na kuithibitisha. Kijitabu hicho kilikusudiwa wanagenzi wa saluni, yaani vijana wanaojifunza kuosha, kusuka, kunyoosha na kupaka nywele rangi. Kilikuwa na kurasa 12 tu, na picha zake zilikuwa nyingi kuliko maneno, hata tukadhani kazi ingetuchukua siku mbili. Ilituchukua wiki saba. Katika ukurasa wa nne tulikuta sentensi hii: "Dawa hii inaweza kuhamasisha ngozi ya mtumiaji."

Hatuitaji sentensi hiyo kwa kumcheka mfasiri. Alitafuta neno la Kiingereza katika kamusi, akakuta kuwa maana yake ni "kuhamasisha", akaliandika. Kamusi haikumwambia kwamba neno hilo lina kazi mbili, moja ya mikutano ya hadhara na nyingine ya hospitali, na kwamba hapa lilikuja na kazi yake ya pili. Lakini msichana wa miaka 17 atakayeisoma sentensi hiyo hatajua kuwa anaonywa. Pengine atadhani ngozi yake inatiwa moyo. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wafasiri na walimu wa vyuo vya ufundi, ni maneno gani tuliyachagua, yapi tuliyakataa, na kwa sababu gani.

Tuanze na mwenye kazi. Kiswahili kina msusi na kina kinyozi. Msusi asili yake ni mwenye kusuka, na kinyozi ni mwenye kunyoa. Wala hakuna kati yao ambaye jina lake linaitaja kazi ya kemikali, ambayo siku hizi ndiyo inayojaza saa nyingi za saluni. Mfasiri aliandika "mtengeneza nywele". Si kosa, ila katika saluni tulizozitembelea Dar es Salaam tulisikia "msusi" kwa wote, hata kwa yule ambaye kutwa nzima hakusuka utosi mmoja. Tukaliacha neno lipanuke kama lilivyokwisha kupanuka lenyewe. Ama kuhusu anayejifunza, tulikuta "mwanafunzi", "mtarajali" na "kurutu". Mtarajali amekwisha kuwa wa hospitali, na kurutu ni wa jeshi na polisi. Tulichagua mwanagenzi, neno la siku nyingi kwa ajili ya mtu ajifunzaye kazi kwa kuifanya chini ya fundi, ambalo serikali nayo hulitumia inapozungumzia mafunzo ya uanagenzi.

(Tulipokuwa tukijadili neno kurutu, mwenzetu mmoja alitukumbusha kuwa hali ya kuwa kurutu ni ukurutu, na ukurutu pia ni maradhi ya ngozi. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa maana ndiyo habari yenyewe ya kijitabu kile.)

Wachunguzi wa afya katika nchi za Ulaya wameonyesha mara kwa mara kwamba ukurutu wa mikono ndiyo maradhi yanayowapata wasusi kuliko mengine, na kwamba huanza mapema, aghalabu katika mwaka wa kwanza wa mafunzo. Sababu yake si fumbo. Katika saluni kazi hugawanywa kwa vyeo. Fundi hukata, hupanga, hushauri, mwanagenzi huosha. Jumamosi moja yenye harusi mtu huyo mmoja aweza kuosha vichwa tangu asubuhi hadi jioni, na baina ya kichwa na kichwa akafua taulo na kusugua sinki. Maji na shampuu huyaondoa mafuta ya asili yanayoishika ngozi pamoja, kama mvua inavyoondoa chokaa ukutani, na ngozi ikikauka na kupasuka, kemikali hupata mlango.

Wataalamu wana jina maalumu la kazi ya namna hii, na mpaka wanaouweka aghalabu ni mikono kukaa katika unyevu kwa zaidi ya saa mbili kwa siku. Katika rasimu iliandikwa "kazi mvua", jambo ambalo halisemeki. "Kazi ya maji" nayo ingemfanya msomaji afikirie mafundi wa bomba. Tulikubaliana na kazi ya kulowesha mikono. Ni ndefu, twakiri, lakini yajieleza yenyewe, na mwalimu akiitamka darasani hahitaji kuongeza neno.

Neno "dawa"

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote. Tulipokwenda kukusanya maneno katika saluni tulibeba daftari lenye safu mbili, moja ya vitu na nyingine ya majina. Safu ya vitu ilijaa haraka. Safu ya majina ilikuwa neno moja linalojirudia. Kitu cha kunyooshea nywele ni dawa, na nywele zilizonyooshwa ni "nywele za dawa". Kitu cha kukunjia nywele, kile ambacho miaka ya 1980 kilileta mtindo wa kalikiti, ni dawa. Unga wa kung'arishia nywele kabla ya kutiwa rangi ni dawa. Rangi yenyewe ni dawa. Majimaji ya kuulia vijidudu kwenye vitana ni dawa, na krimu ambayo mwanagenzi hujipaka usiku, mikono yake ikimwasha kutokana na dawa zote hizo, nayo ni dawa.

Hatusemi kwamba Kiswahili kimekosea. Dawa kwetu haikuwa kamwe kitu cha mgonjwa peke yake. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Maana yake ya msingi ni kitu kinachotiwa au kupakwa mahali ili kilete badiliko linalotakiwa, na kwa maana hiyo kinachonyoosha nywele ni dawa halali. Shida ni kwamba neno hilo hubeba pia harufu ya tiba. Mtu akiambiwa amemwagikiwa na dawa, hakimbilii bomba la maji.

Na hiyo "dawa" ya kunyoosha ni nini hasa? Katika aina iliyo ya zamani zaidi ni sodiamu hidroksidi, yaani kostiki soda, ile ile ambayo watengeneza sabuni wanaijua na kuiogopa. Aina nyingine hutumia kalisi hidroksidi inayochanganywa na kitu cha pili papo hapo. Katika kipimo cha pH, ambacho maji safi husoma 7, vitu hivi husoma 12 na zaidi. Na kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Vitu vya kukunjia vina thayoglikoleti. Unga wa kung'arishia, ambao wengi huuita blichi, una pasalfeti. Rangi nyingi za kudumu zina parafenilinidiamini, ambayo kwa ufupi huandikwa PPD. Hivi ni vitu vinne vyenye tabia nne tofauti: cha kwanza hubabua, cha pili huwasha na mara nyingine huleta mzio, cha tatu huweza kuleta pumu, cha nne ni miongoni mwa vileta mzio wa ngozi vinavyojulikana sana duniani. Kuviita vyote kwa jina moja ni sawa na kumwita simba, nyoka, nge na mamba "mnyama", kisha kumtuma mtoto mwituni.

Kwa hiyo katika kijitabu tuliliacha neno dawa litumike kwa kile kinachotibu tu. Vingine tuliviita kwa kazi yake: kemikali ya kunyooshea, kemikali ya kukunjia, blichi, na rangi ya kudumu. Mwenye saluni mmoja alitupinga, akasema kuwa neno "kemikali" litafukuza wateja. Tulimjibu kuwa kijitabu ni cha mwanagenzi na kitakaa nyuma ya pazia. Katika mazungumzo na mteja na aendelee kusema dawa. Baraza halina askari wa kusimamisha milangoni.

Neno jingine lililotutega ni "kali". Mfasiri aliandika "kemikali kali" kila mahali palipotakiwa onyo. Lakini wasusi husema "dawa kali" kwa kusifu: ndiyo iliyoshika, ndiyo yenye thamani ya fedha. Na vijana mitaani huita "kali" chochote kilicho bora. Onyo likiandikwa kwa neno la sifa huwa tangazo la biashara. Badala yake tulitumia yenye kubabua kwa kemikali inayounguza ngozi na macho, na yenye kuwasha kwa ile inayochokoza bila kuunguza.

Kuzoea na kuzia

Katika saluni moja tulimkuta mwanagenzi wa miezi minne ambaye vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, na kati ya vidole ngozi imekuwa nyekundu na yenye magamba. Tulimwuliza kama amemwambia aliye juu yake. Alisema alimwambia, "Dada, mikono inaniwasha," akajibiwa, "Utazoea, mdogo wangu. Sote tulianza hivyo." Jibu hilo lilitolewa kwa wema, na kwa kiasi fulani ni kweli. Zipo ngozi ambazo mwasho huzikomaza. Lakini kuna hali ya pili ambayo mwendo wake ni kinyume kabisa cha kuzoea, na hapo ndipo istilahi inapoweza kumwokoa mtu au kumpotosha.

Mwasho ni jeraha. Kitu kimechokoza ngozi. Kikiondolewa na ngozi ikipumzishwa, hupona. Aweza kuupata mtu yeyote akilowana vya kutosha. Mzio ni jambo jingine. Mwili hukutana na kitu mara ya kwanza, mara ya kumi, pengine mara ya mia, bila kuonyesha lolote. Kisha siku moja hukikataa, na tangu siku hiyo hukikataa daima, hata kikiwa kidogo sana. Mikono haikuzoea, ilijifunza kukataa. Mwanagenzi mwenye mwasho aweza kurudi kazini akiwa na glavu na mafuta ya kujipaka. Mwenye mzio wa PPD aweza kulazimika kuacha kabisa kugusa rangi, na katika kazi hii kuacha rangi mara nyingi ni kuacha kazi. Aidha hali ya kwanza huifungulia njia ya pili, maana ngozi iliyopasuka kwa mwasho huingiza kemikali kwa urahisi.

Neno mzio ni hazina. Limetokana na kitenzi kuzia, na wazee walilitumia kwa chakula ambacho mtu au ukoo haukipatani nacho: samaki fulani ni mzio wake, yaani akila humdhuru. Waliolichukua kwa ajili ya dhana hii ya kitabibu walichagua vema. Wengi husema "aleji", na hatuna ugomvi nao, ila mzio una faida ya kueleza kuwa ni kukataana kati ya mwili na kitu, si ukali wa kitu. Kuhusu kitu chenyewe kinachosababisha hali hiyo, wako wanaopendekeza "kizio". Tulisita, kwa sababu kizio tayari ni kipimo katika hesabu na ni nusu ya dunia katika jiografia, na mwalimu wa sayansi angekuwa na kazi ya ziada. Katika kijitabu tuliandika kileta mzio. Na kile kipindi cha kimyakimya ambamo mwili unajifunza kukataa, ambacho mfasiri alikiita "kuhamasisha", tulikiita kuingiwa na mzio. Sentensi ya ukurasa wa nne sasa inasomeka hivi: "Rangi hii yaweza kukuletea mzio wa ngozi usioondoka. Vaa glavu kabla ya kufungua kopo, na usizivue mpaka umemaliza kusuuza nywele."

Maneno "mpaka umemaliza kusuuza" tuliyaongeza kwa ushauri wa watu wa afya. Wasusi wengi huvaa glavu wakati wa kupaka rangi kisha huzivua wakati wa kuosha, ilhali rangi inayosuuzwa bado ni rangi. Kwa sababu hiyo hiyo hushauriwa kukata nywele kabla ya kuzipaka rangi badala ya baadaye, ili vidole visishike nywele zilizotoka kupakwa.

Wasomaji wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Hina asilia hutokana na majani ya mhina, huacha rangi ya machungwa au nyekundu, na hutaka saa kadhaa ishike. Piko, ambayo Unguja na Mombasa huchorwa bibi harusi na wageni wake, ni nyeusi na hushika upesi. Na siku hizi aghalabu ni unga wa rangi ya nywele uliokorogwa, wenye PPD. Iwapo msichana alichorwa piko na mahali pa maua pakafanya malengelenge, yawezekana kuwa ameingia katika uanagenzi akiwa tayari na mzio, na rangi ya kwanza atakayoigusa saluni itamwonyesha. Tuliomba swali hilo liwekwe katika ukurasa wa kwanza: "Je, umewahi kuvimba au kufanya malengelenge baada ya kupakwa piko?" Hakuna istilahi ya Kigiriki wala ya Kilatini ambayo ingelifikisha swali hilo kwa msomaji kama neno piko lilivyolifikisha.

Hewa, moshi na barakoa

Kila kinachopaa saluni huitwa "harufu" au "moshi". Kwa mfasiri hili halitoshi, kwani kinga hutofautiana. Kinachotoka katika kopo la blichi ni vumbi, nalo ndilo linaloweza kuleta pumu. Kinachotoka katika baadhi ya vitu vya kunyooshea vinavyopigwa pasi ya moto ni mvuke wenye formaldihaidi, gesi ile ile iliyomo katika formalini ya kuhifadhia maiti. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wasusi juu ya vitu hivyo, baadhi vikiwa vimeuzwa na maandishi kuwa havina formaldihaidi. Neno barakoa lilitufaa sana mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, likaondoka kuwa vazi la uso la wanawake wa Kiomani likawa mali ya kila mtu. Lakini barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Tuliandika barakoa kwa vumbi tu, na kwa mvuke tukaandika wazi: "Fungua madirisha, barakoa haitakulinda."

Palikuwa na tatizo dogo la kisarufi lenye uzito mkubwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya msusi na kinyozi, katika juzuu lake la mwaka 1993 na tena katika juzuu la 99 la mwaka 2010, katika kundi la 2A. Na saratani iliyoangaliwa zaidi ni ya kibofu cha mkojo. Liko pia kundi la 2B, ambalo ushahidi wake ni hafifu zaidi. Katika rasimu makundi yote mawili yalikuwa "huenda husababisha saratani". Kiswahili kina ngazi, tukizitaka. Tuliandika yaelekea kusababisha kwa 2A na huenda ikasababisha kwa 2B. Formaldihaidi yenyewe iko katika kundi la 1, na hapo tuliandika husababisha bila neno la kupunguza. Wafasiri wengine wakipendelea "yamkini", hatutagombana, mradi wasitumie neno moja kwa ngazi mbili.

Kihatarishi na hatari

Kijitabu kilitenga dhana mbili ambazo mfasiri aliziita zote "hatari". Kihatarishi, neno lililokwisha kuenea katika nyaraka za serikali, ni kitu chenye uwezo wa kudhuru. Hatari ni uwezekano wa kudhuru pale mtu anapokutana nacho. Kopo la blichi lililofungwa kabatini ni kihatarishi, na hatari yake ni ndogo. Kopo hilo likifunguliwa katika chumba kisicho na dirisha, kihatarishi ni kile kile, hatari imekua. Tofauti hii ni ya maana kwa mkaguzi, maana haiwezekani kuondoa kila kihatarishi katika saluni, ila hatari hupunguzwa. Sura ya maumivu ya mgongo, miguu na mabega haikutusumbua; kila aliyesuka rasta kwa saa sita amesimama anayo istilahi yake.

Limebaki jambo moja, nalo ni la karatasi. Yule mwanagenzi wa vidole vilivyopasuka alikwenda zahanati. Alisema ana "fangasi", kwa kuwa ndilo jina ambalo watu wengi hulipa kila kinachowasha, na akapewa krimu ya fangasi. Wengine huambiwa wana "pumu ya ngozi", na wakidhani ni ya kurithi hawasemi neno juu ya kazi yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 zipo, na dhana ya ugonjwa utokanao na kazi ipo. Lakini ugonjwa ulioandikwa "fangasi" kwenye daftari la zahanati hautokani na kazi ya mtu yeyote. Vivyo hivyo Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unataka kemikali hatari ziwekewe lebo kwa namna ambayo mfanyakazi ataielewa kwa urahisi. Lebo nyingi tulizoziona kabatini zilikuwa za Kiingereza, Kifaransa na Kichina. Kwa hiyo katika ukurasa wa mwisho tuliweka sentensi ya kumsaidia mwanagenzi mbele ya mganga, aikariri kama anavyokariri vipimo: "Ninafanya kazi ya ususi, mikono yangu hulowa kutwa, huwasha siku za kazi na hupata nafuu siku za mapumziko." Maneno hayo ya mwisho ndiyo ambayo mganga huyahitaji kuliko yote.

Istilahi tulizozitaja zimepelekwa kwenye kamati kwa kusanifiwa, na mbili bado hazijatuliza mioyo yetu. Ya kwanza ni kazi ya kulowesha mikono, ambayo twaweza kupata fupi yake. Ya pili ni jina la ile mipasuko midogo ya kwenye maungio ya vidole, inayotoa damu mtu akikunja ngumi. Msusi mmoja wa Tanga alituambia kwao ina jina, lakini mteja akaingia na mazungumzo yakakatika. Wasomaji walio Tanga, au popote ambapo jina hilo linajulikana, wanaombwa watuandikie kabla kamati haijakutana.